Anajua mlango umefungwa, na bado anarudi kukagua

Mtu mwenye OCD, yaani tatizo la akili la mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, mara nyingi anajua kabisa kwamba mlango ameufunga na mikono yake ni safi. Ndiyo maana kubishana naye kwa hoja hakusaidii: hoja hizo anazo tayari, pengine kukuzidi wewe. Kinachomrudisha mlangoni ni nafuu anayoipata akishashika kitasa.

Kwanza huja wazo ambalo hakulialika: nyumba itaungua, nitamdhuru mtoto, nimeshika kitu chenye ugonjwa. Mawazo ya aina hii huwajia watu wengi wasio na tatizo lolote. Wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walilionyesha hilo mwaka 1978. Wengine huyapuuza. Mwenye OCD huyachukulia kama onyo, na huona kwamba asipofanya kitu, lawama zote ni zake. Hofu inapanda. Ananawa, anakagua, anahesabu au anarudia maneno fulani kimoyomoyo, na hofu inashuka. Ubongo unajifunza kwamba kitendo kile ndicho kilichomwokoa, kwa hiyo wazo likirudi, msukumo wa kukirudia nao unarudi.

Ubaya ni kwamba hofu ile ingeshuka hata bila kunawa. Miaka ya 1970 Rachman na wenzake waliwafanya wagonjwa washike wanachokiogopa, kisha wakae bila kunawa. Kwa wengi msukumo ulipungua sana ndani ya saa moja, na uliendelea kufifia katika saa zilizofuata. Anayekimbilia bombani papo hapo hafiki huko kamwe. Na nyumba isipoungua, sifa zote huenda kwa ukaguzi.

Kukagua kuna mtego wake wa ziada. Mwaka 2003, Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi waliwapa watu wasio na OCD jiko la gesi la kwenye kompyuta walikague tena na tena. Walikumbuka vizuri tu walichokikagua mwisho, lakini picha yake kichwani ilififia na imani katika kumbukumbu yao ikapungua. Yaani anayekagua ili apate uhakika, ukaguzi wenyewe unamnyang'anya uhakika huo. Kuuliza “una hakika sijamgonga mtu?” ni ukaguzi uleule, ila kwa mdomo wa mwenzako, na ndugu anayejibu kwa huruma kila mara anauongezea nguvu.

Tiba inayovunja mzunguko huu ni kukabili hofu huku kitendo kikizuiwa, njia ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliielezea London mwaka 1966. Mgonjwa huorodhesha anachokiogopa na kukipa alama za hofu, 0 hadi 100. Wengi huanzia katikati, tuseme 40: anashika kitasa, hanawi, na anaendelea na shughuli zake. Zoezi hurudiwa mara nyingi, mahali tofauti, kabla ya kupanda ngazi. Dawa za kundi la SSRI, ambazo hutumika pia kutibu sonona, nazo husaidia, lakini kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona na matokeo huhitaji kusubiriwa wiki 8 hadi 12. Wapo wanaokata tamaa mapema.

Zoezi huharibika kwa njia zisizoonekana. Mikono haikuoshwa, lakini moyoni mtu amejiambia “nitaoga jioni”, au amesema sala ya kufuta hatari. Hicho nacho ni kitendo, na nafuu yake inafanya kazi ileile. Kujizuia siku nne na kulegeza ya tano ni kubaya kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nafuu inayopatikana mara mojamoja huyafanya mazoea yawe magumu zaidi kufa. Halafu kuna anayeweza kila kitu akiwa na mtaalamu pembeni, kisha anashindwa akiwa peke yake: kichwani alishamkabidhi mtaalamu lawama. Huyo mazoezi yake yahamishiwe nyumbani mapema, na asimpigie mtu simu kueleza alichokishika.