Gari limegongwa likiwa limeegeshwa: nani alipe, na alipe nini

Gari likigongwa likiwa limesimama, mwenye kazi ya kujieleza kwanza ni aliyekuwa anaendesha. Hata hivyo, aliyeegesha hayuko salama kila mara. Ukiacha gari kwenye kona, mbele ya geti au nje ya mstari, unaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Ukifungua mlango bila kutazama nyuma ukapiga gari linalopita, kosa huwa lako. Vivyo hivyo gari likiserereka lenyewe kwa kuwa handbreki haikuvutwa. Wawili wakirudi nyuma kwa wakati mmoja wakagongana, mara nyingi lawama hugawanywa, isipokuwa ushahidi uonyeshe kwamba mmoja alikuwa ameshasimama.

Ushahidi huo hupotea pale gari la kwanza linaposogezwa. Piga picha kwanza kwa mbali: magari yote mawili, mistari ya maegesho, na magurudumu yamekunjwa upande gani. Kisha sogea karibu, simamisha futi ya kupimia kutoka ardhini hadi kwenye mkwaruzo, upige tena. Mkwaruzo wa mlangoni ukiwa na urefu wa sentimita 65 kutoka chini, na ncha ya bampa inayoshukiwa iko sentimita 45, hapo kuna swali. Tofauti ya sentimita mbili tatu haithibitishi kitu, maana gari likifunga breki pua huinama, na mizigo hushusha buti. Angalia pia kutu: chuma kilichochunwa leo hung'aa, kwa hiyo kutu iliyokomaa ndani ya mkwaruzo ni ya zamani na haimhusu aliyegonga leo. Kama kuna kamera, omba rekodi siku hiyo hiyo kwa sababu mitambo mingi hufuta za zamani kwa kuandika mpya juu yake.

Ugomvi mkubwa huja kwenye matengenezo. Kipimo cha haki ni kulirudisha gari lilivyokuwa kabla ya kugongwa. Bampa lililokuwa na ufa tangu zamani halimpi mwenyewe haki ya kudai jipya kwa sababu ya mkwaruzo mmoja, na kwa gari la miaka mingi spea iliyotumika lakini nzima ni jibu la haki kabisa.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, mara nyingi mkwaruzo umeishia kwenye klia, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, na kusugua kwa kampaundi (dawa ya kung'arishia) kunatosha. Ukikwama, huenda rangi imekatwa, na hapo ni msasa, praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi na klia upya. Mbonyeo ambao rangi yake haijapasuka unaweza kusukumwa kwa nyuma bila puti (udongo wa kujazia mbonyeo) wala rangi; muulize fundi kuhusu njia hiyo kwanza. Kwa rangi za metaliki, zile zenye chembe zinazometa, fundi akisema lazima aififishe rangi mpya hadi kwenye fenda ya jirani, hakuibii. Bila hivyo kiraka kitaonekana juani, kwa hiyo gharama hiyo ni ya aliyegonga.

Kosa ninaloliona la hatari zaidi ni kukubaliana bei kabla bampa halijafunguliwa. Plastiki hubonyea na kurudi, huku nyuma yake sponji ya kumeza kishindo imepasuka, masikio ya kushikia taa yamevunjika au waya wa sensa umechomoka. Fundi afungue bampa, wahusika wote wawili waangalie, ndipo aandike makadirio yanayotenganisha spea, ufundi na rangi. Chukua makadirio kwa mafundi wawili au watatu. Gari likiwa na rada (kifaa kinachotambua vitu vilivyo karibu) nyuma ya bampa, puti na rangi nene mbele yake zinaweza kuivuruga, kwa hiyo bampa hilo ni bora libadilishwe.

Mkimalizana wenyewe, andikeni tarehe, namba za magari, sehemu zilizoharibika, kiasi, na nani atalipia uharibifu utakaogunduliwa baadaye. Soma mkataba wako wa bima kabla ya kusaini: mingi inataka uitaarifu kampuni hata kama hudai kitu, na inakukataza kukiri kosa bila ridhaa yake. Siku ya kuchukua gari, likague mchana. Linganisha nafasi kati ya bampa na fenda kushoto na kulia, washa taa, jaribu sensa ukirudi nyuma, ndipo pesa iliyobaki itoke.