Siku 28 Chini ya Mwembe

Mtamba niliyemnunua mnadani wiki iliyopita bado hajaingia zizini. Nimemfunga peke yake chini ya mwembe, mbali na wenzake, na majirani zangu hapa Usagara wananitania kwamba nimemfunga jela. Siwalaumu, kwa kuwa miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilimwingiza dume zizini jioni ileile niliyomnunua, kwa sababu alikuwa amenona na alikula vizuri.

Siku ya sita, alfajiri, nilisikia kabla ya kuona: alikuwa akipigapiga midomo kama mtu aliyeonja mchuzi wa moto. Ute ulimning'inia kutoka mdomoni hadi ardhini, naye aliinua mguu wa nyuma na kuukung'uta. Bwana mifugo alipomfungua kinywa, ngozi ya ulimi ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ulikuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Zizi zima liliugua, maziwa yakakauka, na ndama wawili, ambao kirusi hiki huwashambulia moyo, walikufa.

Kilichonidanganya ni macho. Dalili huchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza, lakini ng'ombe huweza kuanza kutoa virusi katika mate na maziwa kabla hata ya lengelenge la kwanza, hivyo kumkagua mnyama mnadani hakuthibitishi lolote. Mimi humtenga kwa siku 28 kwa sababu ugonjwa wa mapele ya ngozi nao huweza kujificha muda huo wote, ingawa huo huenezwa zaidi na wadudu waumao, na nzi hafungwi kwa kamba.

Kuhusu chanjo, wazee wetu wanakumbuka sotoka, ambayo chanjo yake ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, hata mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetokomezwa duniani. Nadhani ndiyo maana wengi husema, "Nilishachanja," wakiwa na maana ya mwaka juzi. Kirusi cha miguu na midomo kina aina 7 zisizokingana, na kinga ya chanjo hupungua baada ya miezi michache. Kwa hiyo ni lazima chanjo ilingane na aina iliyopo na irudiwe, kwa kawaida kila miezi 6.

Mtamba ana ndoo yake na kamba yake, hapelekwi lambo la kijiji, na kijana wangu humhudumia mwisho, baada ya wengine wote. Mlangoni pa zizi nimeweka beseni la magadi soda, gramu 40 kwa kila lita ya maji, na hubadilishwa likichafuka, kwa maana matope na samadi huidhoofisha dawa.

Jana jirani alikuja kununua samadi, akitoka moja kwa moja zizini kwake. Nikamwonyesha beseni.

"Kwani na mimi nina kwato, mzee mwenzangu?" akauliza, huku akichovya ndala zake, moja baada ya nyingine.