Swali la Shangazi, Korogwe 2009

Mwaka 2009 nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mkoani Tanga, bado kijana, nilipochukuliwa kujiunga na timu ya majaribio ya chanjo ya malaria, ile inayojulikana kwa herufi zake, RTS,S. Yalikuwa majaribio ya awamu ya tatu, awamu inayoamua kama chanjo itafika kwa watu au itaishia kwenye makabati ya watafiti. Yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe, na hadi uandikishaji unafungwa watoto 15,459 walikuwa wameingia kutoka vituo vyote.

Mambo ya chanjo yenyewe yameandikwa sana. Mimi nataka kusimulia siku moja ya mafunzo, kabla mtoto yeyote hajachomwa sindano upande wetu.

Tulikaa kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, madirisha wazi, feni ikizunguka polepole. Walikuwepo matabibu, wauguzi, mafundi sanifu wa maabara, makarani wa takwimu, madereva wawili, na nyuma kabisa wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaojua nyumba kwa nyumba nani amejifungua na nani amefiwa. Kati yao alikuwepo mama mmoja wa makamo, elimu yake darasa la saba, kila mtu akimwita Shangazi. Alikuja na daftari la mistari na kalamu mbili, akaliweka daftari magotini kwa sababu meza hazikutosha.

Mkufunzi wetu alikuwa daktari wa kike, na alikuwa na jambo moja lililonifanya nimpende tangu asubuhi ile: hakuwahi kusema "fanyeni hivi" akaishia hapo. Alitaja sababu kila mara. Alianza na jambo dogo kabisa, kusahihisha kosa kwenye fomu. Ukikosea huruhusiwi kufuta, wala kupaka wino mweupe, wala kuandika juu ya ulichoandika. Unapiga mstari mmoja, tena mwembamba, ili kilichokuwepo kisomeke. Unaandika jibu lililo sahihi pembeni, unatia tarehe na herufi za jina lako. Karani mmoja akauliza kama si kujidhalilisha, kuacha kosa lako waziwazi kila mtu alione. Daktari akamjibu kwamba atakuja monita, yaani mkaguzi wa utafiti, ataifungua fomu, ataliweka faili la mgonjwa kando yake, na kulinganisha namba moja baada ya nyingine. Akikuta mstari na herufi za jina anajua kuna mtu mwaminifu aliyekosea. Akikuta wino mweupe hajui kilichokuwa chini yake, na kuanzia hapo haamini tena hata namba zilizo sahihi.

Mpaka leo nikiona fomu iliyopakwa wino mweupe hospitalini mwili unanisisimka.

Baada ya chai akatoa sindano mbili zilizojazwa dawa za mfano na kuzinyanyua juu. Hazikufanana: moja ilikuwa na ukungu kidogo, nyingine maji safi. Kisha akachukua karatasi ya kunata isiyopenyeza mwanga, akaizungusha kwenye bomba la kila sindano, akazichanganya mezani na kutuambia tuchague. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Ndiyo maana, akasema, watakaojaza sindano na kuchoma watakuwa watu wao peke yao, na hawatagusa kazi ya kumfuatilia mtoto nyumbani wala kumtibu akiugua. Anayemfuatilia mtoto asijue alichopewa, wala mama asijue. Ukijua, jicho lako litaanza kutafuta. Mtoto wa chanjo ya malaria akipata homa utasema ni mafua, na yule mwingine akipata homa hiyo hiyo utakimbilia kumpima malaria.

Hapo Shangazi akanyoosha mkono.

"Daktari, samahani. Yule mwingine anapewa nini?"

Daktari akaeleza. Watoto wa miezi 5 hadi 17 watagawanywa kwa kura katika makundi matatu yaliyo sawa. Makundi mawili yatapata chanjo ya malaria, dozi tatu kila mwezi moja, na baadaye moja kati ya hayo mawili litaongezewa dozi ya nne. Kundi la tatu litapata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ukumbi ukanyamaza, kisha minong'ono ikaanza. Shangazi hakukaa chini.

"Mimi ndiye nitakayekwenda kwa mama huyo, Daktari, si wewe. Nitamkuta anatwanga. Nitamwambia tuna chanjo ya malaria, atafurahi, kwa sababu kila mtu huku ameshazika. Halafu nimwambie pengine mwanao atapewa ya kichaa cha mbwa. Ataniuliza, kwani mwanangu ameumwa na mbwa? Nimjibu nini?"

Nilimtazama daktari. Wakufunzi niliowaona kabla na baada yake, wakiulizwa swali la namna ile na mtu wa kiti cha nyuma, hujibu kwamba maelezo yote yapo kwenye fomu ya ridhaa. Yeye alizima mashine ya slaidi. Akasema swali hilo ndilo mafunzo yenyewe, tulijadili mpaka liishe, na chakula kingesubiri.

Akaanza kulifungua kidogo kidogo. Kundi la kulinganishia lazima liwepo, la sivyo hatutajua kama malaria imepungua kwa sababu ya chanjo au kwa sababu ya vyandarua na mvua haba. Na kweli, Korogwe ya miaka ile malaria ilikuwa inashuka yenyewe, sisi wa wodini tulikuwa tunaiona vitandani. Lakini mtoto wa kundi hilo asichomwe bure. Kuumwa na mbwa mwenye kichaa ni jambo linalotokea vijijini kwetu, ugonjwa ukishaanza haumwachi mtu, na chanjo yake ni ghali. Kwa hiyo mtoto asiyepata chanjo ya malaria anaondoka na kinga ya kweli, ila haizuii malaria, na ndiyo maana inafaa kulinganishia.

Shangazi alikuwa anaandika. Akauliza nani anachagua. Daktari akasema hakuna anayechagua, ni kura. Akauliza tena: kura ya nani? Akasema watu watadhani mtoto wa mwenyekiti wa kijiji atapewa ya malaria na wa mkata mkonge atapewa ya mbwa. Tabibu mmoja kijana akacheka. Daktari hakucheka, nami namshukuru mpaka leo kwa kutocheka, kwa sababu Shangazi alikuwa amegusa kitu ambacho kingeweza kuangusha kazi nzima: mkikosa kuaminiwa kwenye kura, hata mkiwa na maabara ya dhahabu hampati mtoto hata mmoja.

"Haya, Shangazi," daktari akasema. "Wewe ungewaelezaje?"

Shangazi akafikiri kidogo. "Ningewaambia ni kama upatu. Wanawake wote huku wanacheza upatu. Tunakunja vikaratasi, kila mtu anavuta, hakuna anayemchagulia mwenzake nani apokee kwanza. Ila ningewaambia kweli, kwamba kwenye upatu huu karatasi haifunguliwi leo. Wewe huifungui, mimi siifungui, na daktari haifungui, mpaka kazi iishe yote."

Daktari alimwomba aseme tena, taratibu, akaandika neno kwa neno. Halafu akatufundisha jambo nililokuwa silijui. Mfano ule, ingawa ni mzuri, hatukuruhusiwa kuubeba na kuondoka nao kesho yake. Kila anachoambiwa mama, fomu, picha, hata maneno ya kuelezea, lazima kamati ya maadili iyapitie kwanza, kwa sababu mfano mtamu unaweza kumvuta mtu kama vile fedha inavyoweza kumvuta. Shangazi akakubali haraka kuliko sisi wenye vyeti. Alisema hata kwenye upatu kuna anayeshika daftari.

Mchana tulifanya igizo la kuomba ridhaa. Daktari akawa mama asiyejua kusoma. Kanuni zinataka awepo shahidi asiyehusika na utafiti, akae tangu mwanzo wa maelezo hadi mwisho, si kuitwa dakika ya mwisho kutia sahihi. Mama aweke dole gumba, na shahidi atie sahihi yake. Mimi nilikwenda wa kwanza, nikamaliza salama. Yule tabibu aliyecheka akafuata, akaeleza vizuri lakini kwa mbio. Zamu ya Shangazi ilipofika, daktari aliamua kumpa mtihani: katikati ya maelezo akasema, "Mimi sitaki. Mume wangu amekataa."

Wote tulisubiri Shangazi ambembeleze. Kwa kazi yake ya miaka yote, kubembeleza ndiko kulikomfikisha pale: kliniki, vyandarua, surua, kote huko alikuwa amekwenda kuwashawishi watu wakubali. Akakunja karatasi zake.

"Sawa mwanangu. Hakuna neno. Mtoto akiugua mlete kituoni, tutamtibu vilevile kama wenzake. Na mimi nitapita kukusalimia kama kawaida."

Daktari akasimama, akatuambia hilo ndilo alilokuwa analingoja tangu asubuhi. Mtu akikataa, mfanyakazi wa utafiti hajashindwa. Amefanya kazi yake hadi mwisho.

Nasimulia haya kwa sababu watu wanapozungumzia kukuza wataalamu wa utafiti wa tiba Afrika, mazungumzo huishia kwenye shahada za uzamivu na udhamini wa masomo Ulaya. Hayo yanahitajika, sibishi. Lakini wanaoibeba namba mpaka ikafika kwenye jarida ni watu wa daraja la Shangazi na la yule karani wa wino mweupe, na hao hufundishwa kwa fedha za mradi. Mradi ukiisha, mkataba nao umeisha. Mtu aliyejifunza kwa miaka kuomba ridhaa bila kusukuma, kutoa taarifa ya tukio baya ndani ya saa 24, kutunza sampuli kwenye ubaridi wake, anarudi shambani au kwenye genge lake la nyanya, na mradi mwingine ukija unaanza na watu wapya kwa slaidi zile zile. Naona ni upotevu mkubwa. Hospitali za wilaya zingeweza kuwa na nafasi za kudumu za watu hawa, kama zilivyo na nafasi za wauguzi wa chanjo, wakafanya kazi za kawaida wakati hakuna utafiti. Ningependa kuliona hilo kabla sijastaafu.

Majaribio yale yalifungwa mwanzoni mwa 2014. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika, ya kwanza ya malaria kufika hapo. Jioni ile nilimpigia simu Shangazi. Alikuwa ameshasikia redioni. Alichotaka kujua ni kama watoto wa kundi la mbwa nao watapata sasa, na nikamweleza kwamba wengi wao wameshavuka umri, ila wadogo zao watanufaika chanjo ikifika. Alisema atakwenda kuwaambia mama zao mwenyewe, maana aliwaahidi kuwaletea majibu.

Siku ile ya mafunzo tulimaliza jua likiwa limeshashuka. Shangazi alimwomba daktari kurasa za fomu ya ridhaa akazisome nyumbani, na asubuhi iliyofuata alikuwa ukumbini kabla yetu sote, mara hii amekaa kiti cha mbele, daftari limejaa. Kabla daktari hajawasha mashine akamwamkia, akafungua ukurasa na kuanza na damu: mtoto atatolewa mililita ngapi, mara ngapi, zinapelekwa wapi, na zikibaki zinafanywa nini, kwa sababu huko vijijini jambo la kwanza watakalosema ni kwamba tumekuja kama mumiani.