Kikomo cha Dola Milioni 75

Mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, ukaua wafanyakazi 11 na mafuta yakamwagika baharini. Wengi wanaokumbuka mabilioni ya dola yaliyolipwa baada ya hapo na BP, kampuni ya mafuta yenye kisima hicho, huamini kwamba sheria ya Marekani ilifanya kazi yake. Mimi sikubaliani nao.

Sheria husika ilitungwa mwaka 1990, baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska. Kwa mitambo ya baharini haikuweka kikomo katika gharama za usafishaji, lakini hasara nyingine zote iliziwekea kikomo cha dola milioni 75 kwa jumla, wala si kwa kila mdai. Mvuvi wa kamba wa Louisiana aliyezuiwa kuvua, kwa kuwa serikali ilifunga zaidi ya theluthi moja ya maji ya ghuba hiyo yaliyo chini ya serikali kuu, mwenye hoteli aliyekimbiwa na wageni, na kibarua wa kumenya chaza, wote wangegombea fungu hilo moja. Ni kweli kwamba kikomo huondoka ukithibitika uzembe mkubwa. Ila mahakama ilitamka hivyo dhidi ya BP Septemba 2014, na mwenye mkopo wa boti hawezi kungoja miaka minne.

Kilichowaokoa wadai ni BP kutangaza yenyewe kwamba haitajikinga kwa kikomo hicho, kisha Juni 2010, chini ya shinikizo la Rais Obama, kukubali kutenga dola bilioni 20. Transocean, mwenye mtambo, haikuona haya: iliiomba mahakama ipunguze dhima yake hadi takriban dola milioni 27 kwa sheria ya meli ya mwaka 1851, inayopima dhima kwa thamani ya chombo baada ya ajali, na chombo chenyewe kilikuwa kimeshazama!

Watetezi wa kikomo husema kwamba bila hicho kampuni ndogo zingekosa bima na kuacha kuchimba. Huenda, lakini hatari ambayo kampuni ya bima imeikimbia haitoweki. Hubebwa na mvuvi ambaye hakuulizwa. Mswada wa kupandisha kikomo hadi dola bilioni 10 ulizuiwa katika Seneti Mei 2010, mafuta yakiwa bado yanabubujika. Kilichopatikana, Desemba 2014, ni nyongeza hadi takriban dola milioni 134, iliyokokotolewa kwa kufuata mfumuko wa bei, si hasara iliyoonekana ghubani.