Saa saba ya mgeni

Nilipoanza kazi ya usafi wa vyumba kwenye nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, Kiingereza changu kilikuwa kile cha darasa la saba: kusimama darasa zima na kuimba "good morning, teacher". Sasa mgeni hana habari na mwalimu. Mgeni anataka taulo.

Na taulo ndiyo iliyonifumbua macho. Mama mmoja wa Kizungu alitoka bafuni mikono inachuruzika maji, akanitamkia neno, nikabaki namkodolea macho. Akarudia huku anajipangusa hewani. Kumbe ni taulo ileile, wameikata mkia tu! Jioni nikakaa barazani na daftari, nikaandika vitu vyote nilivyohisi majina yake tumeazima kwao: blanketi, kabati, glasi, feni, swichi, soksi, sketi, begi. Yakafika kama ishirini bila kufundishwa na mtu.

Nikajidanganya kwamba lugha yote ndivyo ilivyo, ukate irabu ya mwisho basi. Kesho yake nikamwuliza mgeni kama nimsogezee "mez" yake dirishani. Hakuelewa mpaka nilipoigonga kwa kiganja. "Table", akasema. Kijana mmoja anayetembeza watalii ndiye aliyenieleza kwamba meza tumeipata kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani, waliokuwa na makao makuu hapahapa Bagamoyo kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Wenzetu wa Unguja wao husema skuli. Nikajua mkia haukatwi ovyo.

Daftarini niliandika ninavyosikia, si wanavyoandika wao. Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, akalichungulia.

"Shangazi, kisu kwao kinaanza na K."

"Inatamkwa wapi hiyo K?"

"Haitamkwi."

"Sasa imekaa hapo inafanya nini?"

Akakosa jibu. Nikamwachia ukurasa wa kulia aandike vyake vya shule, mimi nikabaki na "naifu" yangu.

Utaratibu wangu ulikuwa maneno matatu kwa siku, na kila neno nalitamka kitu chenyewe kikiwa mkononi. Natandika, nasema: shuka, mto, chandarua. Sigusi mapya mpaka ya jana yatoke bila daftari. Shuka ya Kiingereza ilinipa taabu, maana irabu yake lazima uivute. Ukiikatisha inageuka tusi. Tangu nionywe, naitamka taratibu kama mtu anayebeba chai ya moto.

Lakini kilichonitoa jasho hasa ni saa. Jioni moja mgeni alisema anataka kifungua kinywa "seven", awahi basi la Dar. Namba nilishazimaliza wiki ya kwanza, sikuona tatizo: saba. Nikampelekea mpishi habari.

"Chai saa saba mchana? Mgonjwa huyo?"

Nikamjibu Wazungu wana mambo yao. Asubuhi mgeni kakaa mezani, begi miguuni, jiko halijawashwa hata moto. Aliondoka na ndizi mbili, na mimi nikaitwa ofisini.

Nilipotoka huko nikaenda kusimama mbele ya saa ya ukutani, nikaitazama kama sijawahi kuiona. Yule mgeni alikuja mezani mkono mfupi ukiwa kwenye 7, nami mwenyewe nilikuwa naiita saa moja. Miaka yote naona saba nasema moja! Saa yenyewe imepangwa kwa hesabu yao. Sisi tunasoma namba inayotazamana na mkono, kwa kuwa tunahesabu tangu jua linapochomoza. Tangu siku hiyo mgeni akitaja saa, simjibu kwa mdomo kwanza. Namwonyesha kwa kidole namba ukutani, akiikubali ndipo nampelekea mpishi ile ya upande wa pili.

Wiki iliyopita mmoja alitaka "half past six". Nikanyoosha kidole, akaitikia kwa kichwa. Nikaingia jikoni.

"Dada, mayai mawili, saa kumi na mbili na nusu."

Mpishi akaweka mwiko chini. "Ya kwetu au ya kwao?"