Siku nane za kusubiri majibu ya sikio langu la kushoto

Kazi yangu ni ukalimani katika mahakama moja ya mahakimu hapa Nairobi: shahidi hueleza kwa Kiswahili, nami huugeuza ushahidi wake kwa Kiingereza huku hakimu akiandika. Mnamo Februari 2025, shahidi aliyesimama kushoto kwangu aliulizwa na wakili kama alimwona mshtakiwa usiku ule, akajibu kwa neno moja, "Sikumwona," nami nikatafsiri, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba alimwona. Bahati nzuri shahidi mwenyewe alikielewa Kiingereza kidogo, akakataa papo hapo. Niliomba radhi na rekodi ikasahihishwa, lakini jioni, nikiwa ndani ya matatu kuelekea Donholm, sikuweza kuacha kulifikiria lile neno, kwa kuwa silabi iliyonipotea ilikuwa moja tu, "si", na ndiyo iliyobeba ushahidi wote.

Mlio ulikuwa umeanza kabla ya hapo, mwembamba, kama nyenje aliyenaswa ukutani, upande wa kushoto pekee. Nilikuwa nimenunua matone kwenye duka la dawa la mtaani, kisha nikaoshwa sikio kwa bomba la sindano kwenye kituo cha afya, ikatoka nta kidogo na mlio ukabaki palepale. Miezi mitatu hivi ilipita kwa namna hiyo. Baadaye daktari alinieleza kwamba kwa kuwa kusikia kwangu kulipungua polepole, kuchelewa hakukuniharibia sana, ila mtu ambaye sikio lake moja linazima ghafla, ndani ya siku moja au mbili, asihangaike na matone, kwa sababu dawa za steroidi zinazoweza kuliokoa hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika miezi ile mitatu mimi sikutajiwa na mtu yeyote.

Daktari huyo wa masikio, pua na koo aligonga chuma chenye ncha mbili kama uma, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu, akauliza sauti naisikia wapi. Nikajibu kwamba naisikia kulia. Nilidhani nimefaulu. Kumbe ingekuwa ni nta au tatizo la ngoma ya sikio, sauti ingeelekea upande ule ule mbovu. Kwa kuwa ilikimbilia upande mzima, shida ilikuwa ndani zaidi, kwenye sikio la ndani au kwenye neva. Kisha nikafungiwa katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, nikiwa na kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Kwenye grafu iliyotoka, sikio la kulia lilikwenda sawasawa, karibu na desibeli 15, yaani lilisikia hata sauti ndogo sana. La kushoto lilikuwa zuri kwenye sauti nene, halafu mstari ukaporomoka kama ngazi iliyovunjika, hata kufikia hezi 4000 likahitaji desibeli 60. Huko kwenye sauti nyembamba ndiko zinakokaa s, f na sh. Nilipoiona grafu nilimkumbuka shahidi wangu.

Alipoandika barua ya kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya kichwa, nilimwuliza swali ambalo, nikitazama nyuma, ndilo lililonivusha zile siku: "Daktari, unatafuta nini hasa, na ukikipata itakuwaje?" Hakuniambia nisiwe na wasiwasi, na namshukuru kwa hilo. Alichora nyuma ya grafu neva ya nane, inayobeba kusikia na mizani ya mwili, ikipita katika mfereji mwembamba wa mfupa kuelekea kwenye ubongo. Juu ya ganda la neva hiyo, alisema, mara chache huota uvimbe ambao si saratani na kwa kawaida hukua polepole sana. Ukiwa mdogo huenda ukafuatiliwa tu kwa picha za mara kwa mara, na ukiwa mkubwa hutibiwa kwa mionzi au kwa upasuaji. Tofauti kubwa kati ya sikio moja na jingine ndiyo humlazimu daktari kuutafuta, na wengi wanaopigwa picha hii hawakutwi nao.

Nilikopa kwenye chama, nikapimwa damu ili kuhakikisha kwamba figo zitaihimili dawa ya kung'arisha picha, na Jumatano tarehe 28 Mei nikalala chali ndani ya lile bomba nikiwa nimevua hereni, pete na kila chenye chuma. MRI haitumii eksirei bali sumaku yenye nguvu kubwa, na kwa mgonjwa wa sikio ina kejeli yake: inagonga na kunguruma kama mjengo, hadi unatiwa vizibo vya sponji masikioni. Dakika arubaini hivi zikaisha. Mhudumu akanikabidhi sidii yenye picha, akasema ripoti itakuwa tayari baada ya saa 48.

Hiyo sidii ndiyo iliyonitesa. Usiku ule ule niliitia kwenye kompyuta ya binti yangu, nikaanza kuvinjari vipande vya kichwa changu mwenyewe. Palikuwa na vikonokono viwili vidogo, vyeupe vya kung'aa, kimoja kila upande, ambavyo nilikuja kujua kuwa ni maji ya kawaida ya sikio la ndani. Lakini upande wa kushoto wa skrini, nyuma kidogo, palikuwa na doa jeupe ambalo upande wa pili haukuwa nalo. Nililitazama hadi saa nane za usiku. Mume wangu aliamka, akanikuta nimelipima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, akaifunga bila kusema neno.

Asubuhi yake nilichukua daftari langu la kazini na kugawa ukurasa mara mbili, kama ninavyowaona mawakili wakifanya. Upande mmoja niliandika yaliyothibitishwa: sikio la kushoto halisikii sauti nyembamba, sina kizunguzungu, uso haujafa ganzi, kinachotafutwa si saratani. Upande wa pili niliandika uvumi, na hapo nikaliweka doa, pamoja na yote niliyosoma kwenye simu usiku. Mahakamani uvumi haupokelewi kwa sababu aliyeusema hayupo kuulizwa maswali, nami sikuwa na wa kumwuliza maswali kuhusu lile doa. Hofu haikuondoka, ila kila iliponijia nililazimika kuamua iende upande upi, na kazi hiyo ndogo ilinitosha kufika jioni. Sidii nilimpa mume wangu aifiche.

Ijumaa nilipiga simu, nikaambiwa, "Ripoti bado haijasainiwa, mama." Siku ya Madaraka mwaka huo iliangukia Jumapili, hivyo Jumatatu nayo ikawa ya mapumziko, na mimi niliyezoea kuzifurahia likizo za serikali nikaichukia hii. Nilijiwekea kanuni ya kupiga simu mara moja tu kwa siku, saa nne asubuhi, simu ikiwa kwenye sikio la kulia na kalamu mkononi. Usiku ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kukiwa kimya mlio hupanda. Daktari alikuwa amenishauri nisilale kwenye kimya kabisa, basi niliacha redio ikisema chini chini kando ya mto, sauti ikiwa ndogo kiasi cha kutoelewa maneno, na mara nyingi nililala kabla ya taarifa ya saa sita. Kazini nilimweleza hakimu pekee. Akaagiza kiti changu kihamishiwe upande wa pili ili mashahidi wawe kulia kwangu, kisha akaita kesi iliyofuata.

Mama yangu, aliyeko Voi, alipiga simu kila siku. "Mwanangu, hiyo ni baridi ya Nairobi imekuingia. Pasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu utie." Nilimjibu, "Mama, daktari amekataza kutia chochote," naye akanyamaza kwa namna inayoonyesha kuwa daktari huyo ameshindwa kesi.

Jumanne waliniambia ripoti imeshatumwa. Jumatano wakaniambia hivyo hivyo. Alhamisi tarehe 5 Juni niliomba kutoka kazini, nikaenda mwenyewe, na ikagundulika kwamba barua pepe ilikuwa imetumwa tangu Jumamosi kwa anwani iliyokosa herufi moja ya jina langu. Kwa hiyo siku tano kati ya zile nane nilizisubiri bure. Nilikasirika, na sitasema kwamba nilisamehe pale pale. Waliichapisha ripoti, wakaitia kwenye bahasha, nami sikuifungua. Niliipeleka kwa daktari ikiwa imefungwa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujifunza nini hutokea nikijisomea peke yangu.

Aliisoma kimya, akaniambia kwamba neva ni safi pande zote mbili na hakuna uvimbe. Nikamwuliza kuhusu doa. Aliifungua sidii kwenye skrini yake, akaweka kidole kwenye herufi ndogo, R, pembeni mwa picha, ambayo mimi sikuwa nimeiona hata mara moja. Picha hizi husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa ukimtazama: kushoto mwa skrini ni kulia kwa mgonjwa. Doa nililolipima kwa rula lilikuwa maji kidogo katika mfupa wa nyuma ya sikio langu zima, pengine mabaki ya mafua, na ripoti ililitaja kwa mstari mmoja.

Chanzo cha sikio la kushoto hakikupatikana. Nimeandikiwa kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho bado nakichangia fedha, na kipimo kingine cha kusikia baada ya miezi sita. Nilimpigia Mama nikiwa bado kwenye ngazi za kliniki. Alimshukuru Mungu kwa sauti hadi watu wakageuka, kisha akauliza kama sasa nimeruhusiwa kutia kitunguu saumu.