Presha ya oili kwenye Forester: chupa zote zile, kumbe skrubu

Geji ya presha ya oili inasoma baa 1.2. Nimeshuka, nimefungua boneti, nimerudi ndani, bado 1.2. Hapa ni juu ya mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, injini iko sailensa (inazunguka bila kukanyagiwa mafuta), oili ina nyuzi 116, nami nimeegesha pembeni kama niliyeharibikiwa, nacheka peke yangu. Mwezi wa tatu, mahali hapa hapa, geji hii hii ilisoma 0.5.

Kwa wanaofuatilia, ni Subaru Forester SG5 ile ile, injini ya EJ205 yenye tabo, gia za mkono. Mara mbili kwa mwezi inapandisha mzigo wa duka la dada yangu Iringa, na kurudi inajaa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mateso yako Kitonga. Unabanwa nyuma ya malori ya Tunduma, gia ya pili, tabo inavuta muda wote na upepo wa kupoza hakuna. Ukifika juu ukaachia mguu, pampu inazunguka taratibu na oili imeshakuwa kama maji. Kitabu cha injini hii kinataka baa 1 hivi kwenye sailensa, oili ikiwa nyuzi 80. Mimi nilikuwa juu zaidi ya hapo kwa joto, sawa, lakini 0.5 ni kidogo mno. Na msijipe moyo na taa ya dashibodi. Ile huwaka presha ikishuka hadi kama baa 0.15, yaani inakuletea taarifa ya msiba.

Fundi wangu akaniambia, "Kaka, hii inataka oili nzito tu." Nikaanza safari ya chupa.

Kwanza nilikuwa na 5W-30. Nikaongeza ile dawa ya oili nzito kama asali wanayouza pembeni ya kaunta. Presha ikapanda hadi 0.8, nikafurahi safari moja na nusu, kisha ikarudi chini. Ukitafakari, dawa nyingi za namna hii ni polima ya kuongeza uzito. Polima ikisagwa kwenye beringi na pampu inakatika, na umebaki umeizimua tu ile sabuni na kinga ambayo mtengenezaji wa oili aliipima kwa gramu. Nikahamia kwenye dawa ya zinki. Hapo ujinga ni wangu mwenyewe. Zinki na fosforasi hulinda chuma pale chuma kinapogusana na chuma, haziongezi presha hata kidogo. Ni kweli kwamba 5W-30 za kiwango cha API SP zimewekewa kikomo cha fosforasi, asilimia 0.08, ili kuilinda katalisti ya ekzosi, na ukitaka zaidi kuna oili nzito zisizobanwa na kikomo hicho. Kumimina chupa kwa kukisia ni kamari.

Halafu 20W-50 ya kawaida. Sailensa 0.9! Lakini asubuhi geji ikagonga 6 na kuganda hapo, tapeti zikawa zinalia sekunde kadhaa, na pale Kitonga joto la oili likaongezeka nyuzi 5. Oili nzito nayo hujipasha moto kwa kujisugua.

Nikatulia kwenye 5W-40 yenye kiwango cha Ulaya cha ACEA A3/B4. Siangalii tena namba ya mbele. 5W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata Iringa ya Julai haijafika huko. Naangalia uzito kwenye nyuzi 150, oili ikiwa inasagwa (kipimo cha HTHS, kwa mPa·s). Oili ya 30 inaruhusiwa kuanzia 2.9, A3/B4 lazima ianzie 3.5. Kwa gari linalobebeshwa mlimani hiyo ndiyo namba. Presha ikawa 0.7. Afadhali, lakini sikulala vizuri.

Nikakata filta kwa msumeno wa chuma nione kama beringi zinakwisha. Nikakuta unga unang'aa, nikakaa nao chini ya taa hadi saa saba usiku nikipiga hesabu ya injini mpya. Asubuhi nikapitisha sumaku, unga wote ukarukia. Unga wa beringi hizi za injini hauvutwi na sumaku. Ulikuwa unga wa kopo la filta lenyewe na msumeno wangu! Filta ikatwe kwa kile kikata bomba cha gurudumu, au msikate kabisa.

Kufikia hapo nilishanunua kipoza oili na mipira yake. Nilipovua taimingi belti, ambayo muda wake ulikuwa umefika, nikasema basi nichungulie na pampu kwa kuwa iko pale pale nyuma ya gia ya krenki. Nikaitoa, nikaigeuza. Skrubu mbili za kifuniko cha nyuma zilizunguka kwa kidole. Moja ilikuwa imetoka karibu nusu.

Injini za EJ zina sifa hii na nilishaisikia miaka iliyopita nikaipuuza. Kifuniko kikilegea, pampu inasukuma oili inayorudi ndani yake yenyewe kupitia upenyo ule. Ikiwa nzito inapita kwa shida, ikipata moto inapita kama imefunguliwa mlango. Ndiyo maana kila chupa nzito ilionekana kufanya kazi. Nilikuwa naziba upenyo kwa oili.

Zile zilizobaki ziligoma. Skrubu za Kijapani zinataka bisibisi ya JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida inapanda na kula kichwa. Iliyoniokoa ni bisibisi ya kugonga na nyundo, ile ya chuma kizito, na siazimishi mtu. Nikasafisha nyuzi za skrubu, gundi ya Loctite ya bluu, nikakaza, oringi mpya, pampu nikaijaza oili kabla ya kufunga. Silikoni nilipaka uzi mwembamba tu. Nimewahi kuona kipande cha silikoni kimeziba kichujio cha sampu (beseni la oili chini ya injini).

Oili haikubadilika, 5W-40 ile ile, bila dawa yoyote. Kutoka 0.7 hadi 1.2.

Kipoza oili nilipanga kukifunga wikendi hii. Kimerudi kwenye boksi, kwa sababu tangu jana nawaza ule mrija wa kunyonya oili ndani ya sampu, ambao kwenye injini hizi hupasuka kwenye kiungio chake. Jumamosi nashusha sampu.